Mwongozo wa Kuwa Sultani wa Kilwa Bila Kutoka Kariakoo

Kijana anayeuza tamthilia za Kikorea pembeni ya Mtaa wa Congo ni bingwa wa historia. Mpe flashi yako na hela kidogo, atakujazia vipande themanini vya wafalme, malkia na mawaziri wenye ndevu nyembamba, na akikuona mgeni atakupa dondoo bure: huyu msaliti, yule mtoto wa nje, supu ile ina sumu. Juzi alinieleza kwamba nasaba ya Goryeo ilitawala tangu 918 hadi 1392, kwamba jina la Korea lenyewe limetokana na hao, na kwamba mwasisi wao, Wang Geon, alioa wake 29 ili kila kabaila wa mikoani awe mkwe wake. Hilo la wake 29 alilitaja kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu anayetaja mtaji wa mwenzake.

Nikamuuliza kuhusu masultani wa Kilwa.

"Kilwa kuna tamthilia?" akasema, mkono umeshapokea flashi ya mteja mwingine.

Hakuna. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Katika karne zilezile ambazo Wakorea walikuwa wakiwekeana sumu kwenye supu, hapa kusini, kama kilomita 300 kwa barabara, palikuwa na kisiwa kilichotawaliwa na watu ambao kazi yao ungeitambua leo bila kuelezwa. Walishusha mzigo, wakapandisha bei, wakagombania mlango, wakajenga nyumba kubwa kuliko mifuko yao. Mvue joho sultani wa Kilwa na umpe kikokotoo, hakuna atakayemshangaa Mtaa wa Aggrey. Kwa hiyo usidhani usultani ni jambo la kuzaliwa nalo. Unahitaji fremu, unahitaji nguo nyingi, na unahitaji babu wa mbali.

Tuanze na babu, maana ndiye rahisi kupatikana.

Kariakoo hakuna mtu anayetoka hapo tu. Muulize mwenye duka lolote la jumla, atakwambia mzee wake alikuja mjini na mabegi mawili, au alikuja na jahazi, au alikuja kwa miguu akifuata reli. Hadithi ya kuja ni sehemu ya leseni. Masultani wa Kilwa walilijua hilo mapema. Habari zao, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na kutiwa pia na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, zinasema kwamba mfalme mmoja wa Shiraz, Uajemi, aliota panya mwenye mdomo wa chuma anatafuna ukuta wa mji. Mfalme huyo alikuwa mtu makini. Hakwenda kwa mganga, wala hakununua paka. Alifungasha. Akapakia watoto wake sita, akapakia na nafsi yake, jahazi saba zikang'oa nanga, kila moja ikatia mahali pake pwani: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, nyingine mpaka Komoro.

Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hii kwa miaka mingi, wengi wakisema Washirazi walikuwa wenyeji tu waliopenda babu wa ng'ambo, kama vile duka la Mtaa wa Msimbazi linavyoweza kuitwa "Dubai Fashion" na mwenyewe hajawahi kufika hata Zanzibar. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwemo, na ikaonekana kwamba kweli palikuwa na damu ya Kiajemi iliyoingia kuanzia karibu mwaka 1000, upande wa wanaume, na kwamba upande wa wanawake damu ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Kwa lugha ya madalali: babu alikuja na mzigo, bibi ndiye alikuwa na kiwanja. Kwenye bango andika jina la babu. Lakini siku ya mgogoro wa mpaka, mtafute mjukuu wa bibi.

Panya usimsahau. Hadithi ya kuja bila panya haina ladha.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa mwongozo wote, nayo ni kilemba.

Msomaji wa mkoani anaweza kudhani kilemba ni kitambaa cha kichwani. Ni kitambaa kweli, lakini ukisikia neno hilo kwenye ngazi za jengo Kariakoo, hakuna mtu anayevaa kitu. Kilemba ni ile fedha unayompa mpangaji aliyepo ili aondoke akuachie fremu. Siyo kodi. Kodi utamlipa mwenye nyumba, miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kilemba unamlipa mtu ambaye hamiliki ukuta, hamiliki bati, hamiliki hata kufuli. Anamiliki kule kuwepo kwake tu. Hakina risiti, hakina kiwango, na kinapanda kadiri fremu inavyokaribia kona. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kikao cha saa nne nikijaribu kumsaidia ndugu yangu apate fremu ya upana wa milango miwili, na kilichonishangaza siyo bei. Kilichonishangaza ni kwamba mpangaji wa zamani alilia machozi ya kweli wakati wa kupokea, akahesabu, akafuta machozi, akahesabu tena.

Sasa msikilize sultani wa kwanza wa Kilwa. Habari za kale zinamwita Ali bin al-Husayn, lakini jina la utani alilopewa ndilo linalotuhusu, nalo halikuandikwa kwa Kiarabu wala Kiajemi. Aliitwa Nguo Nyingi. Katikati ya maandishi ya Kiarabu kuna maneno mawili ya Kiswahili ambayo yeyote anayefungua belo la mitumba kule Karume angeyasoma bila mwalimu. Na aliitwa hivyo kwa sababu, wanasema, alipofika alikuta kisiwa kina mwenyewe. Akataka kukinunua. Mwenyeji akakubali kwa bei moja tu: nguo za kukizunguka kisiwa chote.

Nilimsimulia hadithi hii shangazi mmoja anayeuza vitenge na kanga za jumla, nikitarajia atacheka. Hakucheka. Alishusha miwani.

"Upana upi?" aliuliza.

"Haikuandikwa, shangazi."

"Basi huyo mwenyeji alipunjwa. Mtu anauza kisiwa hajataja upana? Akizungushiwa leso za harusi je? Na walipima maji kupwa au maji kujaa?"

Swali la maji kupwa lilinipata, maana ndilo hasa lililomponza mwenyeji. Mapokeo ya Kiswahili ya Kilwa yanamtaja kwa jina la Mrimba, na yanaongeza kwamba mgeni alimwoa binti yake kwanza, kisha ndiyo nguo zikatandazwa. (Wang Geon angeitambua mbinu hiyo, ila yeye aliirudia mara 29.) Mrimba akapokea kilemba chake akahamia bara. Zamani zile, maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu kati ya kisiwa na bara, naye akapanga kurudi na watu wake kuikomboa fremu. Nguo Nyingi akachimba mkondo ule mpaka maji yakakaa hata bahari ikipwa. Mrimba alipofika ukingoni na jeshi lake akakuta hapapitiki.

Kwa hiyo andika pembeni: ukishalipa kilemba, badilisha kufuli siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Mpangaji wa zamani huwa anasahau kitu ndani, na kitu hicho mara nyingi ni fremu.

Umri wa shughuli hii ya usultani wa Kilwa unabishaniwa. Mapokeo yanairudisha karne ya 10. Wachimbaji wa mambo ya kale kwa muda mrefu waliivuta mbele, wakisema nasaba ile haikusimama mpaka karibu mwaka 1200, kisha wengine wakairudisha nyuma tena kwa ushahidi wa sarafu. Ni kama kumuuliza dalali jengo lina umri gani. Akiwa anauza ni jipya. Akiwa anaomba fidia, limerithiwa toka kwa Mjerumani.

Unaye babu, unayo fremu. Swali linalofuata ni la wivu: uuze nini?

Hapa wanafunzi wengi hufeli, wakidhani utajiri wa Kilwa ulitokana na kitu kilichozalishwa Kilwa. Kisiwa kile hakikuwa na dhahabu hata ya jino. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na waliokuwa wa kwanza kufaidi walikuwa wafanyabiashara wa Mogadishu. De Barros anasimulia kwamba Kilwa iligundua siri hiyo kwa sababu ya mvuvi. Mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa asiyekubali kuvuliwa, samaki akaivuta ngalawa kuelekea kusini, akaivuta, akaivuta, mpaka mvuvi akajikuta Sofala anawatazama watu wa Mogadishu wanabadilisha nguo kwa dhahabu. Aliporudi akamweleza sultani. Sijui samaki aliishia wapi.

Kila mtu Kariakoo anamjua samaki huyo. Ni yule winga anayezunguka na mteja wako toka duka hadi duka, na jioni anakuja kukunong'oneza kwamba kuna Mkongo ghorofa ya tatu ananunua mashuka makontena mawili kwa mkupuo. Hujui amesikiaje. Usimuulize. Mpe soda na hela ya nauli.

Sultani alichofanya baada ya hapo ni kazi safi kabisa ya kukaa mlangoni. Meli za pepo za kaskazi kutoka Uarabuni na India zilifika Kilwa kwa msimu mmoja. Kuendelea hadi Sofala na kurudi palepale kulikuwa kugumu bila kungoja pepo zigeuke. Kilwa ilikuwa ndipo mzigo unapolala. Na mzigo unapolala mahali, mwenye mahali hula. Mreno mmoja aliyeandika mwaka 1506 alieleza kwamba mfanyabiashara aliyeleta nguo Kilwa alilipa kwanza mithkali moja ya dhahabu kwa kila vipande mia tano, kama kiingilio, kisha sultani akachukua thuluthi mbili ya bidhaa zenyewe. Thuluthi mbili! Akivuka kwenda Sofala, huko nako akakuta mkono mwingine wa sultani umenyooshwa.

Niliwasomea takwimu hizo wenye maduka wawili waliokuwa wakisubiri mashine ya risiti irudi mtandaoni. Hawa ni watu waliofunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja kuzungumza nao pale Mnazi Mmoja. Walinyamaza kwa muda. Kisha mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "Sasa wale walikuwa wanagomea wapi?" Mwenzake akamjibu kwamba kwenye kisiwa huwezi kufunga duka ukaenda nyumbani, maana nyumbani ndiyo jahazi. Sikuwa na la kuongeza.

Ukishaanza kupata, chapa jina lako. Wa Kariakoo wanachapa kwenye mifuko, hasa tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 na kila mtu akalazimika kununua wa kitambaa. Wa Kilwa walichapa kwenye sarafu za shaba, nazo, ndugu yangu, zilikuwa na vina. Upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na mwisho wa upande huu unakubaliana na mwisho wa ule. Chenji yenyewe ilikuwa ubeti. Vuka Mnazi Mmoja, nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, utaziona, pamoja na vigae vya bakuli za Kichina, maana hata wakati ule mzigo wa China ulikuwa unaingia. Gari la Rolls-Royce la Ikulu liko hukohuko na ndilo linalopigwa picha zaidi.

Kuhusu mahali sarafu hizo zinapofika, usijaribu kudhibiti. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, jambo la kueleweka. Lakini mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa anavua kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, akakuta mchangani sarafu tano za Kilwa na nne za Kiholanzi. Alizitia kwenye kopo akazisahau kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna aliyeeleza kwa uhakika zilifikaje. Mimi nina dhana yangu: yule samaki.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman ndiye wa kumwiga, na ndiye wa kumwogopa. Alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wa nasaba ya pili, ya Mahdali, iliyowarithi Washirazi. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda Aden kusoma kwa miaka miwili, akahiji, ndugu yake Daud akimshikia kiti. Jina lake la sifa lilikuwa Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 alithibitisha kwamba halikuwa jina la kujipa. Siku ya Ijumaa sultani anatoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni akamsimamisha, akaomba nguo alizovaa. Alizovaa mwilini. Sultani akarudi msikitini, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Katika hadithi hii joho limeelezwa na pembe zimehesabiwa. Watu ishirini hawakuachiwa hata jina moja, na wala haijaandikwa walikuwa wamesimama wapi wakati shukrani zinatolewa. Mchezo wangu wa Kariakoo unakomea hapo, kwa sababu bidhaa hiyo sina pa kuilinganisha.

Kisha al-Hasan akafa na Daud akakalia kiti kwa haki yake mwenyewe. Daud alikuwa mtu wa mahesabu. Omba-omba akija, Ibn Battuta anasema, humwambia kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Wageni wakakaa miezi, wakaondoka na kidogo, na hatimaye wakaacha kugonga mlango. Ukitaka kujua wewe ni al-Hasan au ni Daud, subiri siku wanapopita na karatasi ya mchango wa harusi. Al-Hasan anauliza kamati inakaa lini. Daud anasema bosi hayupo, naye ndiye bosi.

Lakini nakuomba usimlaumu Daud haraka, mpaka uione nyumba aliyoachiwa.

Husuni Kubwa ilijengwa juu ya mwamba, ukingoni kabisa mwa bahari, kwa matumbawe na chokaa, na ina vyumba zaidi ya mia. Ilikuwa na ua wa maghala, ua wa baraza, ngazi za kushukia baharini, na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Narudia, bwawa la pembe nane, karne ya 14, kilomita 300 kutoka hapa ambapo wapangaji wa ghorofa ya sita wanapandisha maji kwa madumu. Neville Chittick, aliyefukua magofu yale miaka ya 1960, aliona kwamba jumba halikumalizika na lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Al-Hasan aliupanua pia Msikiti Mkuu na kuutia kuba. Kuba likaja kuanguka, na msikiti ukakaa gofu kwa vizazi, mpaka karne ya 15 alipojitokeza mcha Mungu mmoja aliyetaka kuujenga kwa fedha yake mwenyewe. Sultani wa wakati huo akampa mithkali elfu moja za dhahabu. Yule bwana akazipokea ili asimkwaze mtawala, akaziweka, akajenga kwa zake, na sultani alipofariki akawarudishia warithi dhahabu yote. Nimeulizia Kariakoo nzima kama kuna mkandarasi wa namna hiyo. Bado wananicheka.

Kwa hiyo ukijenga, jenga. Lakini nondo zilizochungulia juu ya paa kungoja ghorofa inayofuata zihesabu vizuri, maana al-Hasan naye alikuwa na nia ya kuendelea.

Tufike kwa meneja. Kila sultani anaye. Anakuja kama msaidizi wa kufungua duka asubuhi, baada ya mwaka anajua wateja wote, baada ya miaka mitatu wateja wanampigia yeye simu. Kwa Wakorea, wanajeshi walipindua meza mwaka 1170 na kwa takribani miaka mia wafalme wakabaki kuvaa vizuri tu huku majenerali wakiamua. Kilwa ya karne ya 15 ilikuwa hivyohivyo: maamiri na mawaziri walimpandisha huyu, wakamshusha yule, na orodha ya masultani wa kipindi hicho inasomeka kama daftari la zamu. Mwishoni sultani al-Fudail akaondoka duniani kwa namna isiyopendeza kusimuliwa, na Amiri Ibrahim akakaa kwenye kiti bila kuwa sultani. Wateja wengi hawakuona tofauti.

Aliyeiona tofauti alikuwa Vasco da Gama. Alitia nanga mwaka 1502, akatishia mizinga, akadai kodi. Ibrahim akaahidi, na kama dhamana Mreno akabakiziwa tajiri wa mji, Muhammad Ankoni. Ibrahim kumbe alikuwa hampendi Ankoni. Alipokumbushwa deni akatulia tuli, akitumaini Wareno watamalizia kazi aliyoshindwa kuianza. Ankoni ikambidi ajikomboe kwa fedha zake. Dhahabu ya Kilwa ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikafanywa chombo kitakatifu cha kanisa, kazi ya kupendeza sana. Kiko katika makumbusho ya huko hadi leo.

Waliporudi Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida hawakuja kudai. Waliushambulia mji. Na hapa Ibrahim alitoa darasa ambalo nadhani ndilo pekee katika mwongozo huu linalotumika hadi sasa bila marekebisho. Askari walipokaribia jumba, bendera ya Ureno, waliyopewa zamani kama ishara ya urafiki, ikatokezwa dirishani na mtu akapaza sauti kwa jina la Ureno. Wavamizi wakasita, wakaangaliana. Wakati wanasita, Ibrahim akatokea mlango wa nyuma na watu wake na mali yake, akavuka bara. Nimeshaona fremu ambazo cheti, picha na bendera vimepangwa mbele kwa ustadi, na nyuma kuna kijimlango kinachotokea mtaa wa pili. Nilidhani ni cha hewa.

Almeida akajenga ngome, ndiyo ile ambayo Waomani waliijenga upya baadaye na watu wanaiita Gereza, neno lililotokana na neno la Kireno la kanisa. Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani, umeshuka kwenye jina hilohilo. Kisha Mreno akatafuta sultani, na nani alikuwa karibu? Ankoni, dhamana wa zamani. Akavikwa taji la dhahabu ambalo, wanasema, lilikuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin kule India. Fremu ya kukodi, taji la kuazima. Kwa heshima yake, Ankoni aliomba kwamba baada yake kiti kirudi kwa mtoto wa al-Fudail, siyo kwa wanawe. Hakukaa hata miaka miwili. Aliuawa mwaka 1506 na jamaa wa Ibrahim. Wareno nao wakaifunga ngome wakaondoka 1512, mlango ukiwa umeshahamia kwingine.

Nilimrudia kijana wa tamthilia na habari zote hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, safari hii bila kupokea flashi ya mtu. Akaniuliza vipande vingapi. Nikamwambia labda mia. Akauliza nani angeigiza Ankoni. Halafu akasema kama ni karibu hivyo angependa kwenda kuona hilo bwawa, Jumapili, duka likifungwa.

Basi tukaenda Mbagala Rangi Tatu alfajiri, kwenye Barabara ya Kilwa yenyewe. Kondakta alikuwa anaita, "Kilwa! Kilwa!" Kijana akasogea.

"Kilwa ipi, Masoko au Kivinje?"

"Ya masultani," akasema kijana. "Kisiwani."

Kondakta akamtazama, akanitazama na mimi. "Kisiwani hakuna gari, chifu. Pale kati kuna maji."

Kijana akanigeukia. "Yule Nguo Nyingi," akasema, "hajafukia mpaka leo?"